Jengo la Pembeni: UKIMWI Ulivyobadili Hospitali, Utafiti na Shule Zetu

Kabla ya kuitwa UKIMWI, kule Kagera uliitwa Juliana. Juliana lilikuwa jina la kitambaa cha mtindo kilichovushwa na wafanyabiashara kutoka Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1980. Waliokonda na kufa mwanzoni walikuwa vijana wenye hela, watu wa safari na wa kuvaa, basi watu wakaunganisha kitambaa na ugonjwa. Baadaye kila mji ukaupa jina lake. Ngoma. Miwaya. Umeme. Vijana wa mjini wakazichukua herufi za Kiingereza, AIDS, wakazisoma Acha Iniue Dogodogo Siachi, wakacheka, na wengi wao wakazikwa.

Mtaani majina yalikuwa tele. Hospitalini hakukuwa na hata moja la kumwambia mgonjwa, na hapo ndipo ninapotaka tuanzie. Tumezoea kuisimulia historia ya UKIMWI kama historia ya vifo, halafu historia ya dawa. Nimekuwa nikiandika habari za afya kwa zaidi ya miaka kumi sasa, na kadiri ninavyosoma ripoti za zamani na kukaa kwenye mabenchi ya kliniki, naiona historia ya tatu katikati ya hizo mbili: ugonjwa huu uliilazimisha hospitali yetu kuzungumza na mgonjwa. Ilichukua miaka ishirini, iligharimu watu wengi, na nachelea kusema kazi hiyo iliishia kwenye jengo moja.

Hospitali isiyosema

Wagonjwa watatu wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, mwaka uleule ambao wanasayansi wa Taasisi ya Pasteur jijini Paris walitangaza kukipata kirusi. Kufikia 1986 kila mkoa wa Tanzania Bara ulikuwa umeripoti wagonjwa. Mwaka 1987 Dk. Japheth Killewo na wenzake walipopima damu za watu wazima mkoani Kagera, walikuta Bukoba mjini asilimia 24 wana maambukizi. Yaani karibu mtu mmoja kati ya wanne. Kipimo kilikuwepo duniani tangu 1985, dawa haikuwepo. AZT ilipoidhinishwa Marekani mwaka 1987, kwetu ilikuwa dawa ya kusoma gazetini tu.

Ili kuelewa ugumu aliokuwa nao daktari wa wakati ule, kumbuka hospitali yetu ilivyokuwa. Unaingia, unaeleza panapouma, unaandikiwa, unaondoka. Ukiuliza ni ugonjwa gani, unaonekana mjuaji. Jina la ugonjwa liliandikwa kwenye kadi kwa Kiingereza, kwa mwandiko ambao hata mtu wa dirisha la dawa aliukodolea macho. Utaratibu huo ulitosha kwa malaria, maana klorokwini haikuhitaji maelezo: unameza, unawashwa mwili mzima, unapona. UKIMWI ulikuja bila kidonge. Daktari aliyezoea kujibu kwa dawa akabaki hana jibu, na wengi wakachagua kunyamaza.

Mama yangu mkubwa alifariki mwaka 1996, nikiwa darasa la kwanza. Kadi zake zipo hadi leo, mama amezitunza kwenye mkoba mmoja na vyeti vya ubatizo. Zimeandikwa kifua, homa, kuharisha, kifua tena. Ya mwisho ina herufi za kifupisho ambazo hakuna aliyemfafanulia. Kuna mtu hospitalini alijua, kwa sababu aliziandika. Hakumwambia yeye wala mumewe. Baba mkubwa alioa tena mwaka uliofuata, na yule mama wa pili tulimzika 2001.

Simsemi yule daktari kwa ubaya. Angemwambia, kisha ampeleke wapi? Ukimya ulikuwa na mantiki yake, kwa kuwa mtu aliyejulikana alifukuzwa kwenye chumba cha kupanga, akatengewa sahani na kikombe, na wengine walipoteza kazi. Lakini ukimya huohuo ulimwacha mtu mwingine aolewe bila kujua. Hesabu hiyo haikuwahi kuandikwa kwenye kadi ya mtu yeyote.

Walioanza kuuvunja ukimya hawakusubiri dawa. Nchini Uganda, Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha TASO mwaka 1987, baada ya mumewe kufariki kwa ugonjwa huu. Hapa kwetu, mwaka 1989, Theresa Kaijage na wenzake walianzisha WAMATA, Walio katika Mapambano na AIDS Tanzania. Walichokuwa nacho ni muda wa kukaa na mtu na kumsikiliza. Kutokana na kazi za vikundi kama hivi ndipo lilipoenea neno ambalo leo kila mwanafunzi wa sekondari analijua: ushauri nasaha. Mtu anaulizwa kabla ya kupimwa kama yuko tayari. Anaelezwa majibu yanaweza kumaanisha nini. Anapewa majibu akiwa peke yake, mlango umefungwa, na siri ni yake.

Tukiyasikia leo tunaona mambo ya kawaida. Kwa hospitali ya miaka ile yalikuwa mageni kabisa: nesi amekaa chini, hana sindano mkononi, anamuuliza mgonjwa, wewe mwenyewe unaonaje? AMREF ilipoanza vituo vya Angaza mwaka 2001, watu walienda kwa miguu yao, wazima, bila kuumwa chochote, kwenda kuulizwa swali hilo.

Mengine yalibadilika kwa vitu tu. Sindano za kuchemsha zikaondoka, zikaja za kutumia mara moja na kutupa. Damu ya kumwongezea mgonjwa ikaanza kupimwa. Mjamzito akaambiwa aende leba na glavu zake na wembe wake mpya. Muuguzi aliyezalisha kwa mikono mitupu miaka yote akajifunza kuogopa damu, na wakati huohuo akatakiwa asimuogope mwenye damu. Hilo la pili lilichukua muda mrefu zaidi.

Miili iliyotoa majibu

Upande wa utafiti, Kanda ya Ziwa iliifundisha dunia jambo. Mwaka 1991 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, pamoja na AMREF na chuo cha tiba za kitropiki cha London, walichagua jumuiya 12 za vijijini mkoani Mwanza. Katika sita, wahudumu wa zahanati walifundishwa kutibu kisonono, kaswende na magonjwa mengine ya zinaa kwa kufuata dalili, bila kungoja maabara ambayo haikuwepo, na dawa zikahakikishwa haziishi. Sita nyingine ziliendelea na huduma ya kawaida. Baada ya miaka miwili, maambukizi mapya ya VVU yalikuwa asilimia 1.2 kwa waliohudumiwa vizuri na asilimia 1.9 kwa wengine. Upungufu wa karibu asilimia 40, bila dawa yoyote ya UKIMWI. Matokeo yalichapishwa 1995, na kutibu magonjwa ya zinaa kwa dalili kukapata nguvu mpya katika sera za nchi nyingi.

Utafiti wa namna hiyo uliofanyika Rakai, Uganda, ambako kijiji kizima kilipewa dawa za magonjwa ya zinaa kila baada ya miezi kumi, haukuona upungufu huo wa maambukizi. Wataalamu walibishana kwa miaka, na sababu moja iliyotajwa ni kwamba Rakai ugonjwa ulikuwa umeshasambaa zaidi. Ila mimi ninapousoma ule wa Mwanza naona zahanati. Naona mganga wa kijijini akiongezewa ujuzi na makopo ya dawa, akawa na sababu ya kumuuliza mtu maswali ya faragha na uwezo wa kumsaidia baada ya kujibiwa.

Dar es Salaam nako, kuanzia 1995, Gernard Msamanga wa Muhimbili na Wafaie Fawzi wa Harvard waliwafuatilia wajawazito zaidi ya 1,000 wenye VVU, wakilinganisha waliopewa vitamini na wasiopewa. Vitamini za kundi B, C na E zilipunguza vifo vya watoto tumboni kwa karibu asilimia 40. Baadaye ikaonekana zilichelewesha pia kuzidiwa kwa akina mama wenyewe. Katika miaka ambayo ARV hazikamatiki, hilo lilikuwa jambo la maana.

Kuna upande mwingine ambao hatuuzungumzii sana. Mwaka 1994 ilithibitishwa kwamba AZT akipewa mjamzito hupunguza kwa theluthi mbili hatari ya mtoto kuambukizwa. Lakini ilikuwa tiba ndefu na ya bei mbaya, hivyo wakatafuta njia fupi, na majaribio yakaletwa Afrika na Asia. Moja liliitwa Petra, na Dar es Salaam ilikuwa miongoni mwa miji yake, pamoja na Kampala, Durban na Johannesburg. Baadhi ya akina mama walipewa dawa, wengine wakapewa kidonge kisicho na dawa ndani yake.

Mwaka 1997 Peter Lurie na Sidney Wolfe waliandika katika jarida kubwa la tiba la Marekani wakihoji: jaribio ambalo lisingeruhusiwa Marekani linaruhusiwaje Afrika? Waliolitetea walijibu kwamba hapa kwetu huduma ya kawaida ilikuwa ni kutopewa chochote, na bila kulinganisha na hali hiyo jibu lisingekuwa na maana. Mwanzoni mwa 1998, utafiti wa Thailand ulipoonyesha AZT ya muda mfupi inafanya kazi, kundi la kidonge kitupu likafungwa katika Petra.

Hoja ya watetezi naielewa, lakini hainitulizi. Kila mama aliyepewa kidonge kitupu alikuwa na mtoto mmoja tumboni, si takwimu. Mzozo ule ulibadilisha utafiti wenyewe, maana Azimio la Helsinki, mwongozo wa madaktari duniani kuhusu kumfanyia binadamu utafiti, liliandikwa upya mwaka 2000 na suala la kidonge kitupu likawa katikati ya mabishano. Leo mwandishi yeyote anayetembelea mradi wa utafiti nchini ataoneshwa fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, inayosomwa kwa sauti kwa asiyejua kusoma, akaweka dole gumba mbele ya shahidi. Maafisa wa polisi 60 wa Dar es Salaam waliojitolea mwaka 2007 kujaribiwa chanjo walijua wanaingia kwenye nini. Chanjo yenyewe hatujaipata hadi leo. Jaribio la PrEPVacc, lililofanyika Tanzania, Uganda na Afrika Kusini, lilisitisha kuchanja watu mwishoni mwa 2023 baada ya kuonekana chanjo zake hazitafanikiwa.

Kilio Chetu darasani

Wa rika langu tulikutana na UKIMWI shuleni kabla ya kukutana nao kwenye kitabu cha baiolojia. Tuliusoma kwenye Kiswahili. Tamthilia ya Kilio Chetu ya Medical Aid Foundation ilikuwa kitabu cha mtihani, na humo wazazi na walezi wanabishana kama watoto waelezwe mambo ya ngono au wafichwe. Baadaye ikaja Orodha ya Steve Reynolds, ambapo kijiji kizima kinaogopa orodha aliyoiacha binti aliyekufa, kila mwanamume akiwaza jina lake limo. Tulizikariri kwa ajili ya maswali ya dhamira na wahusika. Sijui kama kuna ugonjwa mwingine uliowahi kuingia kwenye fasihi ya shule zetu kwa nguvu namna ile.

Je, ilisaidia? Swali hilo liliwahi kupimwa, na jibu lake linatakiwa litusumbue. Mwaka 1999 mradi wa MEMA kwa Vijana ulianza katika jumuiya 20 za mkoa wa Mwanza. Katika kumi, walimu wa shule za msingi walifundishwa kutoa masomo ya afya ya uzazi kuanzia darasa la tano hadi la saba, waelimishaji rika wakaigiza michezo mifupi darasani, na wahudumu wa zahanati wakafunzwa kuwapokea vijana bila kuwafokea. Baada ya miaka mitatu vijana wa kule walijua mengi zaidi, na walijieleza vizuri. Lakini damu zao, kwa upande wa VVU, hazikuonyesha tofauti ya maana na za wenzao. Walipopimwa tena vijana zaidi ya 13,000 mwaka 2007 na 2008, ikawa hivyohivyo: ujuzi umebaki, maambukizi hayakupungua.

Kuna wanaoyasoma matokeo haya na kusema elimu ni kupoteza muda. Mimi nayasoma tofauti. Binti anaweza kupata alama zote kwenye swali la njia za maambukizi, akatoka hapo akakutana na mtu mzima mwenye hela ya sabuni, daftari na nauli. Anajua. Kujua hakumpi nauli. Darasa linaongea na watu arobaini kwa pamoja, majibu yameshaandikwa ubaoni. Ule ushauri nasaha wa WAMATA ulikuwa unamuuliza mtu mmoja maisha yake yakoje. Shule ilichukua maneno ya kampeni, ikaliacha swali.

Jengo la pembeni

Dawa za pamoja zilizogeuza UKIMWI kuwa ugonjwa wa kuishi nao zilijulikana duniani mwaka 1996, mwaka ule aliofariki mama mkubwa. Bei ilikuwa zaidi ya dola 10,000 kwa mtu kwa mwaka. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ikasema itaziuza kwa dola 350 kwa mashirika ya misaada. Mfuko wa Dunia ukaanza 2002, mpango wa Marekani wa PEPFAR ukatangazwa 2003, na mwaka 2004 Tanzania ikaanza kugawa ARV bure.

Hapo ndipo yalipozaliwa majengo ambayo sasa kila mwenyeji wa hospitali anayajua, kliniki za tiba na matunzo, CTC. Mara nyingi utaikuta CTC pembeni, imepakwa rangi vizuri kuliko wodi. Ndani yake kuna faili lenye namba, tarehe ya kurudi, na mtu anayejua kwamba jana ulitakiwa uje na hukuja. Kuna WAVIU washauri, watu wanaoishi na VVU wanaowapokea wenzao na kuwafuata majumbani wale wanaoitwa watoro wa dawa. Mwaka 2011 maelfu walipopanda magari kwenda Loliondo kunywa kikombe cha Babu, Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kwa shilingi 500, na wengine wakaacha ARV, kurudi kwenye dawa kulihitaji zaidi ya vidonge dirishani. Kulihitaji mtu wa kuongea nao bila kuwacheka.

Sasa toka kwenye jengo hilo utembee hatua hamsini hadi kliniki ya wagonjwa wa nje. Baba yangu mdogo ana sukari tangu 2014. Siku aliyogundulika alipewa vidonge na kuambiwa apunguze ugali. Hakuna aliyemweleza habari ya miguu. Mwaka 2022 alikatwa vidole viwili, na ndipo alipojua kwamba kidonda kisichouma ndicho cha kuogopa. Kwenye mtaa wake yupo mama anayetumia ARV, ambaye akichelewa kliniki anapigiwa simu, na asipopokea anafuatwa. Baba mdogo hutania kwamba angeruhusiwa kuchagua angeugua ule mwingine. Wajomba hucheka, yeye hacheki sana.

Nasikia hoja ya wenye kusimamia hospitali, nayo ina uzito. CTC ilijengwa kwa fedha za nje, zilizokuja na masharti ya ugonjwa mmoja, wahudumu wake na ripoti zake. Huwezi kuchukua mfumo wenye bajeti ya namna ile ukautandaza kwenye sukari, presha na kifafa kwa bajeti ya halmashauri. Ni kweli. Ila tunajidanganya tukidhani kilichonunuliwa pale kilikuwa jengo na kompyuta peke yake. Kumweleza mtu ugonjwa wake kwa lugha yake, kumuuliza ameelewa nini na nini kitamzuia kumeza dawa, hakuhitaji masharti ya mfadhili. Kunahitaji muda na watu, na kwanza kabisa kunahitaji tuamini kwamba ni sehemu ya tiba.

Kwamba hatuamini hivyo, na hata wafadhili hawaamini, tuliona mwaka 2025. Tarehe 20 Januari Rais Donald Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Baadaye matibabu ya kuokoa maisha yakaruhusiwa kuendelea, zikiwemo ARV. Kazi nyingi za kinga na za kuwafuata watu mitaani hazikupata ruhusa hiyo, na katika nchi zilizotegemea fedha hizo wahudumu wa jamii waliambiwa wabaki nyumbani. Vidonge vikaonekana ndiyo tiba, maongezi yakaonekana nyongeza.

Takwimu zetu wenyewe zinasema vingine. Utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 ulionyesha asilimia 4.4 ya watu wa miaka 15 na zaidi wana VVU. Kati ya hao, asilimia 82.7 walikuwa wanajua. Kati ya wanaojua, asilimia 97.9 walikuwa kwenye dawa, na kati ya walio kwenye dawa, asilimia 94.3 virusi vilikuwa vimefubazwa. Tazama ngazi ipi ina pengo. Dawa inafanya kazi yake. Mtu akishafika kwenye jengo la pembeni, mambo yake kwa sehemu kubwa yanakaa sawa. Tunawakosa wale ambao hawajakaa na mtu wa kuwauliza kama wako tayari, wakaulizwa kwa namna inayowafanya waseme ndiyo. Bunge lilishusha umri wa kuridhia kupima hadi miaka 15 mwaka 2019 na kuruhusu watu kujipima wenyewe, na ni hatua nzuri, lakini anayejipima chumbani usiku naye atahitaji mtu wa kuongea naye asubuhi.

Kwa hiyo fedha zinapopungua, na zitaendelea kupungua, ningependa swali la bajeti lisiishie kwenye idadi ya makopo ya dawa. Kuna maelfu ya watu nchini, wengi wao wakiwa wagonjwa wenyewe, waliojifunza kazi ya kukaa na mtu na kumweleza hali yake mpaka aelewe. Waajiriwe na halmashauri, watolewe kwenye jengo la pembeni, wakae pale mapokezi ambapo baba mdogo husubiri na kadi yake tangu saa kumi na mbili asubuhi. Ujuzi huo tuliupata kwa bei ya mama mkubwa na wengine kama yeye.